Kamera kwenye Bampa la Bi Shirin

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Niliwashukuru, na siku ya pili yake nikaifungua nione ndani mna nini. Mke wangu akasema, "Huyu hakustaafu, kaihamishia gereji nyumbani." Basi kwa kuwa mikono bado inaniwasha, nimeona afadhali niishughulishe na kalamu kabla sijavimaliza vyombo vya nyumba hii ya Wawi. Nitakayoyaandika ni ya kazi tu, umeme wa magari, na nawaandikia nyinyi mliobaki pale Chake Chake. Nani alipanda cheo na nani alilipwa vipi hamtayaona humu. Gereji yetu ilikuwa na cheo kimoja, fundi, na aliyekuwa akikitoa ni dereva ambaye gari lake limekubali kuwaka.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na shati jeupe. Niliambiwa nakwenda kufanya kazi ya umeme, na mimi nikidhani umeme ni kitu kisafi. Aliyenipokea ni Mzee Kanji, ambaye gereji ilikuwa yake. Wazee wake walitoka Bara Hindi, lakini yeye kazaliwa Chake Chake, nyuma ya duka la baba yake, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Alinitazama kuanzia kola mpaka vifungo.

"Yakhe, weye wenda harusini?"

"Nimekuja kazini, mzee."

"Haya, kazi ile pale." Akanionyesha betri kuukuu nizisafishe.

Hakuniambia kwamba maji ya betri hayaonekani yakikurukia. Nilirudi nyumbani shati likiwa jeupe vilevile, mama akalifua, na lilipotoka kwenye beseni lilikuwa limejaa matundu kama kifumbu cha kukamulia nazi. Mama alilia. Alililia shati, mimi hakuniuliza hata kama nimeungua.

Mzee Kanji alinifundisha kwa miaka mingi, na kati ya vifaa vyote alivyonipa, nilichokipenda zaidi ni taa ya kupimia. Aliitengeneza kwa mkono wake: balbu ndogo ya taa ya nyuma, waya mrefu, na msumari uliochongwa ncha. Nyinyi mna mita za namba, nzuri, nami nilizitumia. Lakini waya ukishaliwa na chumvi ukabakia na uzi mmoja tu ndani, mita bado itakusomea volti kumi na mbili, ukaenda zako umefurahi. Balbu haitawaka. Kwa hiyo mita ikikwambia kuna umeme, muulize na balbu. Taa ile nimewaachia kwenye droo ya juu, na msiibandike jina langu, kwa kuwa si yangu.

Mzee Kanji alikuwa na amri zake. Ya kwanza, gari likiingia kwa ugonjwa wa umeme, lipewe chakula kabla ya maneno. Maana yake lifungwe chaja, na chaja isitolewe mpaka vipimo vyote viishe, kwa sababu ukikaa saa nzima umefungua swichi huku injini imelala, betri itakufia mikononi na utaanza kutafuta ugonjwa ulioutia mwenyewe. Ni amri nzuri. Ikumbukeni, kwa sababu mbele huko itanitia aibu. Ya pili ni kwamba gari lililougulia njiani litazamwe njiani. Hii nilikuwa naisikia kwa sikio moja, kwani gerejini kuna kivuli na njiani kuna jua.

Kesi zilikuwa nyingi. Kuna teksi ambayo honi yake ilikuwa ikilia kila usukani ukikatwa kushoto, na dereva wake, badala ya kuileta, akawa anazunguka mji mzima kwa kukata kulia tu, mpaka abiria wakaanza kulalamika kwamba kwenda sokoni ni safari. Kuna gari la mkulima wa karafuu lililokuwa likikataa kuwaka kila msimu wa mavuno, tukagundua panya wa ghalani wanahamia kwenye injini magunia yakijaa. Lakini adui wetu wa kudumu alikuwa chumvi. Magari yanayobeba samaki hayachakai kama magari mengine. Kwa nje yanang'aa kwa kuwa huoshwa kila siku, na ndani ya mabomba ya nyaya ukigusa tu, shaba inamwagika unga wa kijani.

Mzee Kanji alifariki kabla ya kamera za magari kuja. Nasikitika kwamba hakuziona, maana angezitukana vizuri. Kwanza zilikuja zile za ndani, za kubandika kwenye kioo, halafu zikaja za nje. Hizo ndizo zilizonipotezea usingizi, na moja kati yake ndiyo iliyonifanya nikae niandike yote haya.

Ilikuwa kamera ya Bi Shirin. Wengi wenu mnamjua: binti wa mfanyabiashara wa zamani wa hapa Chake, Muislamu wa asili ya Kihindi, mama mwenye sauti ndogo na macho makubwa. Baba yake alipofariki alifunga duka la vitambaa akafungua chumba cha barafu, akawa anauza samaki. Samaki walikuwa wakinunuliwa Tumbe alfajiri na msimamizi wake aliyeko kule, kisha wanapakiwa kwenye pikapu nyeupe, na dereva wake Makame anawaleta Chake kabla jua halijakaza. Makame alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mpole, ambaye hasemi neno mpaka alipime. Miaka yote aliyomfanyia Bi Shirin kazi, sikuwahi kusikia mmoja akimnung'unikia mwenzake.

Halafu siku moja pikapu ikagusana na baiskeli ya mchuuzi wa samaki. Hakuna aliyeumia isipokuwa samaki. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye mwenye kosa, wakabishana mpaka barafu ikayeyuka. Mpwa wa Bi Shirin aliyeko Dar es Salaam aliposikia akamtumia kamera. Ilikuwa ndogo kama kiberiti, ya kufunga nje, na kwenye boksi lake waliandika kwamba haiingii maji. Maji ya mvua, labda. Maji ya samaki wa Tumbe nadhani hawakuyajaribu. Kioo cha mbele cha pikapu kilikuwa na ufa unaorudisha mwanga, kwa hiyo niliifunga mbele, kwenye vyuma vya juu ya bampa, nikaivutia umeme kwenye waya unaopata moto ufunguo ukizungushwa. Kazi ya kawaida kabisa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Samaki wakishapakiwa na injini ikishawaka, yule msimamizi wa Tumbe anabonyeza kitufe cha kamera, taa yake nyekundu inaanza kupepesa, gari linaondoka. Likifika Chake, Bi Shirin anachomoa kadi ndogo iliyomo ndani na kutazama picha kwenye kompyuta yake. Wiki ya kwanza akanijia.

"Fundi Faki, kamera yako inakatika."

"Si yangu, Bi Shirin, ni yako. Inakatika wapi?"

"Kabla ya kufika Ole. Baada ya hapo hamna kitu mpaka hapa mlangoni kwangu."

Nikaichukua nikitaraji chumvi. Nilipoifungua nikakuta unyevu kidogo kwenye kioo, nikaukausha na kuziba ukingo upya. Ndani mna kibetri kidogo, cha kuishikilia kamera isife ghafla umeme ukikatwa, na kile nilikikuta kimevimba kwa jua la bampani. Nikakiacha. Pikapu ile inatoka Tumbe mpaka Chake bila ya kuzimwa, kwa hivyo kibetri hakina kazi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na hesabu ilikuwa sahihi kwa nilichokuwa nakijua. Nikafunga gari chaja kama alivyoniamuru marehemu, nikawasha, nikazima, nikawasha tena. Kamera ikafuata kila nilipokwenda. Nikairudisha.

Ikakatika tena. Nikabadilisha kadi. Ikakatika. Nikabadilisha waya wote, nikaupitisha mbali na injini kwa kuhofia joto. Ikakatika. Nikaweka mpira chini ya kikalio chake kwa kuhofia matuta. Wapi! Na lililonichosha zaidi ni kwamba haikukatika mahali pamoja. Leo picha ya mwisho ni majamvi ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara, kesho ni kona iliyo mbele yake, keshokutwa ni mahali ambapo hata Makame hakupatambua. Gari likifika Chake taa nyekundu bado inawaka, lakini imekodoa tu, haipepesi, na ndani haiandiki chochote. Nikiibonyeza kwa muda inazinduka, nzima kabisa.

Huku nyuma jambo jingine lilikuwa linakua. Kamera ilinunuliwa kwa ajili ya baiskeli. Hakuna aliyekuwa amepungukiwa samaki. Lakini picha zilipoanza kukatika, Bi Shirin akaanza kujiuliza kwa nini zinakatika, na mtu akishajiuliza, watu wa kumjibu hawakosekani. Baada ya Ole kuna njia za ndani, wakamwambia. Mtu anaweza kushusha tenga akapandisha barafu. Anayezima kamera ana la kuficha. Bi Shirin akaanza kuyatazama matenga, na kwa kuwa alikuwa akitafuta upungufu, akawa anauona.

Alikuja gerejini akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. "Mimi simsingizii mtu," alisema. "Lakini nimemuuliza, Makame unasimama wapi njiani? Kaniambia hasimami. Kamera nayo inasema kuna mahali hataki paonekane. Nikuamini wewe kwamba kamera ni nzima?"

"Hapa ni nzima," nikasema.

"Basi ikikatika tena wiki hii, nitatafuta dereva mwingine."

Nilipenda niseme neno la kumtetea Makame, lakini sikuwa nalo. Kila nilipothibitisha kwamba kamera haina ubaya, nilikuwa namtia yeye kitanzi. Sijawahi kuichukia kazi nzuri ya mikono yangu kama siku ile.

Makame mwenyewe alikuja kesho yake. Hakukaa. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia yake mkononi.

"Fundi, mie sikuizima. Sijui hata hubonyezwa wapi."

"Najua."

"Hujui, wanitakia kheri tu." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Jana mwanangu katoka kusoma Kurani chuoni analia. Wenzake wamwambia, babako huzima kamera. Kazi nikikosa ntavua, nlikuwa nkivua kabla. Lakini hilo jina, fundi, ntalivua na nini?"

Nikaikumbuka amri ya pili ya Mzee Kanji, ile niliyokuwa nikiisikia kwa sikio moja. Nikamwambia kesho tutatoka Tumbe pamoja.

Nilipanda gari la abiria nikafika Tumbe samaki wakiwa bado wanapigiwa mnada mchangani. Nilifunga mita yangu kwenye waya wa kamera, nikauingiza waya wake ndani kupitia dirishani, nikajiambia kwamba umeme ukitetereka hata kwa kupepesa jicho nitauona. Samaki wakapakiwa, injini ikawaka, msimamizi akabonyeza kitufe, taa ikaanza kupepesa. Tukaondoka. Mita mapajani, macho kwenye mita. Makame alikuwa akiendesha kwa adabu, na kila penye majamvi ya karafuu alipunguza mwendo na kujitenga upande wa pili asizitimulie vumbi. Mita haikutikisika. Tulipita matuta, haikutikisika. Tulipita palipochimbika, nikagonga kichwa kwenye paa, mita ikabaki pale pale.

Pale Ole alikuwepo Bi Mize kwenye baraza ya nyumba yake iliyo kando ya barabara. Makame alilelewa Ole kwa bibi yake, na Bi Mize ndiye aliyemsomesha chuo akiwa mdogo. Sasa ni mtu mzima sana na masikio yake yamekuwa mazito. Makame alimsalimu, na mimi nikamsalimu, kwani nilijuana na marehemu mumewe. Akatuombea dua, tukaendelea na safari. Nikaiokota mita, ikanisomea vizuri kama mwanzo. Mpaka Chake haikuwa na la kusema.

Tulipofika kwenye chumba cha barafu, Bi Shirin alitoka, akainama mbele ya bampa. Taa nyekundu ilikuwa imekodoa.

"Fundi Faki," akasema, "leo ulikuwemo mwenyewe. Mlisimama wapi?"

"Hatukusimama," nikasema.

"Hatukusimama," akasema Makame.

Na wallahi lau ningeletewa msahafu ningeapa. Bi Shirin alitutazama kwa zamu. Nilihisi kwamba sasa hata mimi nimeshaingia kwenye tenga. Makame alikwenda nyuma, akafungua kilango cha pikapu na kuanza kuteremsha samaki, na kama desturi yake ya kila siku akasema bila ya kugeuka, "Bi Mize wa Ole akusalimu."

"Haya," akasema Bi Shirin, macho yake kwenye kamera.

Mimi nilikuwa nimeinama nakusanya waya za mita. Nikainuka.

"Makame, hizo salamu tumezitwaa wapi?"

"Kwa Bi Mize, fundi. Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa garini?"

"La, ulishuka. Ulikaa naye barazani."

"Na gari?"

"Liko njiani pale."

"Linanguruma?"

Makame aliweka tenga chini. Alinitazama kama mtu niliyemvunjia heshima. "Lingurume mbele ya mwalimu wangu? Mie niko juu ya usukani, yeye kakaa, nimpigie kelele dirishani? Nilizima. Kila siku huzima."

"Basi tulisimama, Makame."

"Kule si kusimama, fundi," akasema, naye alikuwa hatanii. "Kule ni kusalimia."

Nilicheka mpaka nikashika bampa, halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu mimi mwenyewe niliyetoka Chake kwenda Tumbe kwa kazi ya kutafuta gari linazimwa wapi, nilikuwemo lilipozimwa, nikaiweka mita kwenye kiti, nikashuka, nikauliza hali ya wajukuu mmoja mmoja, nikaitikia dua, nikarudi, na nilipoulizwa nikasema hatukusimama. Lau angekuwa fundi wa kutoka nje angeshtuka injini ilipozima. Mimi ningeshtuka kama isingezimwa.

Nikamwomba Makame azime gari hapo hapo. Nikaizindua kamera, ikapepesa. "Zima. Haya, washa." Stata ikavuta kwa uchovu, injini ikashika, na kamera ikakodoa jicho lake jekundu. Tukarudia, ikafanya vile vile. Betri ya pikapu ilikuwa imechoka, na stata ilipovuta, umeme uliporomoka mara moja. Kamera iliyokuwa ndiyo kwanza inaamka ikapata kofi, na kibetri cha kuishikilia kimekufa, ikazubaa. Kule gerejini sikuliona hilo hata siku moja kwa kuwa chaja ya Mzee Kanji ilikuwa imefungwa muda wote, inamlisha mgonjwa huku mimi nampima njaa. Na picha zilikuwa zikikatika kila siku mahali tofauti kwa sababu kamera hizi huandika vipande vipande, na kipande kinachokatwa na umeme kabla hakijafungwa hupotea chote. Ilikufa Ole kila siku. Picha za dakika za mwisho kabla ya Ole ndizo zilizokuwa zikipotea nayo.

Bi Shirin alisikiliza yote hayo. Halafu akamgeukia Makame. "Kila siku? Na kwa nini hukuniambia?"

"Nakwambia kila siku, Bi Shirin," akasema Makame taratibu. "Kila siku nakuletea salamu zake."

Bi Shirin akaingia ndani kwenye barafu yake.

Matengenezo yalikuwa mepesi. Pikapu ikapata betri mpya na kamera ikapata kibetri kipya. Umeme wake nikautoa moja kwa moja kwenye betri kubwa, na fyuzi yake, na kikata umeme cha kuizima iwapo betri ingeanza kudhoofika. Sasa inaandika hata injini ikilala. Nikamwambia Makame azime gari mbele ya mwalimu wake kadiri anavyotaka. Nanyi mkifunga kamera za nje fanyeni hivyo hivyo, na mkimaliza vipimo, chomoeni chaja mkajaribu tena. Mzee Kanji angenisamehe kwa kuiongezea amri yake mkia. Na dereva msimuulize amesimama wapi. Muulizeni amezima injini wapi, kisha muulizeni nani anamsalimu.

Siku ya pili mchana Bi Shirin alikuja gerejini na kadi ya safari ya asubuhi ile ameifunga kwenye leso. Alisema kompyuta yake ina matatizo. Sidhani kama ilikuwa na matatizo. Tuliichomeka kwenye ya kwetu, akavuta kiti.

Barabara ikapita, karafuu zikapita, gari likapunguza mwendo likatulia. Sauti ya injini ikakatika, pakawa na jogoo na upepo. Makame akaingia kwenye picha kwa mgongo, akavua makobadhi chini ya baraza, akainama. Maikrofoni ya kamera ni tundu kama la sindano, lakini Bi Mize husema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia vizuri, na Makame humjibu kwa sauti hiyo hiyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Waambaje? Mkeo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Watoto? Yule mdogo kapoa kikohozi?"

"Kapoa."

"Na yule Shirin, binti wa duka la vitambaa, yu hali gani?"

"Hajambo, mwalimu. Kaniambia nikusalimu sana."

"Zimefika. Mwambie namuombea. Baba yake alikuwa akinikatia kitambaa cha mabuibui ya wanafunzi wangu, na yeye kakaa juu ya meza, miguu haigusi chini. Kazi zile zote kwa peke yake, mwambie Mungu amtie nguvu."

"Ntamwambia."

Bi Shirin alisema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Tulisikiliza tena. Mara hii hakutazama, aliinamisha kichwa akasikiliza tu.

"Mimi sijamtuma salamu," akasema. "Hata siku moja. Sikujua hata kama Bi Mize bado yu hai."

Alikuwa ametaka kujua dereva wake anafanya nini yeye akiwa hayupo, na sasa alikuwa ameona. Alijipangusa macho kwa ile leso ya kadi, akaniambia kesho nimsindikize Tumbe, anataka fundi awepo.

Tulikwenda. Pale mchangani, mnada ulipomalizika na watu hawajatawanyika, Bi Shirin alisimama kando ya pikapu akasema kwa ile sauti yake ndogo, hata watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Alisema kamera ilikuwa mgonjwa na fundi ameutaja ugonjwa wake, na akanitaka niutaje, nikautaja. Kisha akasema, "Makame hakuzima kitu. Mimi nilimdhania vibaya, na mwenye kusikia amwambie ambaye hakusikia." Makame alikuwa amesimama nyuma akifunga kamba za matenga. Niliona mikono yake imeacha kufunga.

Samaki wakapakiwa, akapanda, akawasha. Yule msimamizi akasogea kubonyeza kitufe, nikamwambia siku hizi hakina haja. Bi Shirin alikwenda dirishani kwa dereva, akashika mlango.

"Makame, ukipita Ole nisalimie Bi Mize." Hakuuachia mlango. "Mwambie hizi zangu, nimezituma mwenyewe."

Makame alimtazama, akaweka gia.

"Zilishafika, Bi Shirin."